Riwaya iliyonitisha chuoni hainitishi tena: je, nimekufa ganzi?

*Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 38, ninafanya kazi katika ofisi moja ya Serikali huku Mtumba. Mwaka 2009, nikiwa mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma, niliazimwa riwaya ya kutisha ya Mark Z. Danielewski iitwayo House of Leaves. Hakikuwa kitabu chenyewe bali kopi iliyotolewa stesheneri, kurasa zaidi ya 700 zilizobanwa kwa spairo katika mafungu matatu. Niliisoma usiku hosteli kwa muda wa miezi miwili, nikaogopa hata nikaazima futi kamba ya fundi na kupima chumba chetu. Sijapata kupenda kitabu kama kile. Mwaka huu nimeagiza kitabu halisi, cha rangi, nikakimaliza kwa siku tisa. Ile nyumba haikunitisha hata kidogo. Niliona mbwembwe za uchapaji tu. Labda ni kwa sababu nasi tumeshajenga Nzuguni na nyumba hazinishangazi tena. Lakini nilipofika kwenye barua za yule mama, ambazo zamani niliziruka, nililia, na tangu hapo ni majuma matatu sasa naamka saa nane usiku nisipate usingizi tena. Mama yangu mzazi alilazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mara mbili nilipokuwa darasa la tano. Mwenzangu ofisini anasema nimefungua mlango wa mapepo. Mume wangu anasema umri umenifanya sugu. Je, nimepoteza uwezo wa kuhisi, au kitabu kilikuwa cha kitoto tangu mwanzo? Niendelee nacho au nikiweke? Binti yangu wa miaka 15 naye anakitaka.*

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi moja fupi uliyoipitisha katikati ya nyingine kana kwamba ni jambo dogo, ile inayomhusu mama yako. Nitaifikia. Nianze na hofu yako kubwa, kwamba umekufa ganzi. Mtu aliyekufa ganzi halii kwa ajili ya barua za mwanamke asiyewahi kuishi, akakosa usingizi majuma matatu. Kilichotokea ni kwamba hofu yako imehama chumba. Zamani ilikaa kwenye korido, sasa inakaa kwenye barua, na kazi yangu ni kukueleza kwa nini imehama.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajakisoma, kitabu hiki kilitoka mwaka 2000 nchini Marekani, na kisa chake kimefungwa ndani ya kisa kingine, nacho ndani ya kingine tena. Mpiga picha Will Navidson anahamia na mwenzake Karen na watoto wao wawili katika nyumba moja huko Virginia. Siku moja wanarudi safari na kukuta sehemu mpya katikati ya vyumba vya kulala, sehemu ambayo hakuna aliyeijenga. Wanapima, na ndani ya nyumba panazidi nje kwa robo inchi. Baadaye unatokea mlango, korido yenye giza na baridi, kisha kumbi zisizo na mwisho. Navidson anayapiga filamu haya yote. Mzee kipofu aitwaye Zampanò anaandika uchambuzi mrefu wa filamu hiyo, anafariki, na karatasi zake zinaokotwa na kijana Johnny Truant, anayefanya kazi katika duka la kuchora chale huko Los Angeles. Truant anaongeza tanbihi zake juu ya tanbihi za mzee, na kadiri anavyosoma ndivyo akili yake inavyozidi kuyumba. Mwishoni, katika viambatisho, zimo barua ambazo mama yake Truant, Pelafina, alimwandikia kutoka katika taasisi ya wagonjwa wa akili.

Watu wengi hudhani kwamba hadithi ya kutisha hutisha kwa sababu hatujui mwisho wake, na kwamba tukishaujua hofu hufa. Sivyo. Wewe na mimi tulisikiliza ngano za zimwi jioni baada ya jioni, tukijua vizuri mahali litakapojitokeza, na bado lilipokaribia tulijisogeza karibu zaidi na bibi. Kujua kitakachotokea hakuondoi hofu. Mara nyingine huichelewesha na kuikoleza. Kwa hiyo usilaumu kusoma mara ya pili kwa kuwa ni mara ya pili.

Angalia badala yake namna ulivyosoma. Mwaka 2009 ulitumia miezi miwili, mwaka huu siku tisa. Hesabu hiyo umeiandika mwenyewe, nami naamini imebeba sehemu kubwa ya jibu. Wakati ule Kiingereza kilikuwa bado kinakulazimisha kusimama, kurudi nyuma, kufungua kamusi, kupoteza mstari na kuutafuta tena. Sasa unasoma taarifa na nyaraka za Kiingereza tangu asubuhi hadi jioni, na jicho lako limefunzwa kupita juu ya ukurasa na kuchota jambo muhimu. Ni ujuzi mzuri kazini, lakini katika kitabu hiki unaua. Mwandishi amejenga sura nzima kuhusu mzingile, ile njia inayojizungusha hadi mtu asijue alikoingilia, na sura hiyo nayo ni mzingile: tanbihi inakutuma kwenye tanbihi nyingine, hiyo inakurudisha ya kwanza, nyingine zimechapwa pembeni, nyingine kichwa chini miguu juu hadi ugeuze kitabu chenyewe mikononi. Penye mbio ukurasa una maneno machache tu, na mkono unakimbia kufunua pamoja na mhusika anayekimbia. Hayo umeyaita mbwembwe za uchapaji. Mimi nayaita injini ya kitabu. Msomaji anayezitii tanbihi anapotea kweli, kwa mwili, na hofu inatoka katika kupotea huko; anayeziruka ili afike mwisho anabaki na habari ya nyumba ya ajabu, na habari hiyo peke yake haimtishi mtu mzima.

Ulikuwa pia na kitu ambacho leo huwezi kukipata tena, nacho ni kutokujua. Ukiwa hosteli mwaka ule hukuwa na njia rahisi ya kuhakiki kama filamu ya Navidson ipo au haipo. Vitabu na makala chungu nzima zinazotajwa katika tanbihi, nyingine za kweli na nyingine za kubuni, zilikuwa na uzito mmoja machoni pako. Leo simu inamaliza ubishi huo kabla chai haijapoa. Hilo si kosa lako wala la kitabu, na siwezi kukuahidi kwamba litarudi.

Kopi yako ya stesheneri nayo ilishiriki. Katika toleo la rangi, neno la Kiingereza lenye maana ya nyumba limechapwa kwa buluu kila linapotokea, hata likiwa limetajwa kwa lugha nyingine. Mashine ya kutoa kopi nyeusi na nyeupe huigeuza buluu kuwa kijivu. Bila shaka katika mafungu yako matatu kulikuwa na neno moja lililoonekana limefifia kila mahali, na nadhani ulilaumu wino wa mashine. Tafakari maana ya jambo hilo: kwa miezi miwili ulisoma kitabu ambamo nyumba ilikuwa ikififia mbele ya macho yako, na hukujua kama ni makusudi. Sijui kama mwandishi angeweza kubuni kitu kizuri zaidi. Kitabu ulichonunua ni kamili zaidi, lakini si kile ulichokipenda, na ni haki kabisa kukisikitikia kile cha zamani.

Sasa nyumba ya Nzuguni. Aliyejenga anajua kwamba robo inchi, yaani kama milimita 6, humezwa na lipu bila mtu kugutuka, na nadhani ulipofika hapo akili ya mjenzi ndani yako ilisema, fundi kakosea, tuendelee. Lakini rudi kwenye ukurasa huo na uusome kama mtu anayemlipa fundi. Kosa la kipimo huenda huku na huku, leo limezidi, kesho limepungua, na ukileta kifaa bora linapungua. Hapa vifaa bora vinaletwa, mhandisi anaitwa, wanapima tena na tena, na ndani panaendelea kuizidi nje. Tofauti ingekuwa futi kumi, ningesema ni ndoto. Robo inchi ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuikubali wala kuipuuza, naye Navidson anakaa hapo katikati, na kila kitu chake kinaanza kuharibika kuanzia hapo.

Mimi nililelewa na bibi katika tembe, upande wa Mvumi. Mchana wa jua kali ungeingia mle ukadhani umepofuka. Ulikwenda kwa kupapasa ukuta hadi kiganja kikutane na kihenge cha uwele, ndipo ukajua umefika chumba cha pili. Giza la tembe lilikuwa nene, na juu ya vichwa vyetu miti ya dari ilikuwa myeusi kwa moshi wa miaka. Hata hivyo sikumbuki kuliogopa. Nilipokisoma kitabu hiki kwa mara ya pili, nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, ndipo nilipoelewa kwa nini. Tembe huongezwa. Kijana anaoa, upande mmoja unarefushwa. Mjane anarudi nyumbani, chumba kinaongezwa. Kila hatua ya giza mle ndani ina jina la mtu. Nyumba ya Navidson inaongezeka bila mtu yeyote kuoa, kuzaliwa wala kurudi. Ni nafasi isiyo na mwenyewe, na inakua kwa kasi zaidi pale watu waliomo wanapoacha kusemezana. Kijana wa miaka 20 huogopa korido kwa sababu ni ndefu. Mtu mwenye nyumba, ndoa na mtoto ana sababu kubwa zaidi ya kuiogopa, lakini ni lazima aisome polepole ndipo aione.

Kuhusu kitabu kuwa cha kitoto, nitakueleza ninavyokiona. Si kila ukurasa wake umekaa vizuri. Orodha ndefu za majina zinachosha, na baadhi ya masimulizi ya Truant kuhusu wanawake na ulevi niliyavumilia ujanani, sasa nayaona yamezidi. Unaweza kuyasema hayo na bado ukakiheshimu. Fasihi yetu wenyewe imetufundisha namna hiyo ya kuheshimu. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alianza na riwaya zinazosomeka kwa mstari ulionyooka, kisha mwaka 1990 akatoa Nagona na mwaka 1991 Mzingile, ambamo njia zimepinda na wafu wanazungumza. Nagona niliisoma nikiwa mwanafunzi, na penseli mkononi, nikiamini kila fumbo lina jibu ambalo mhadhiri analificha. Miaka mingi baadaye niliisoma tena, mwezi mmoja baada ya kumzika baba, na penseli sikuigusa. Sikuwa nimeerevuka zaidi. Nilikuwa na swali ambalo awali sikuwa nalo.

Na hapo ndipo tunafika kwa mama yako. Ulipokuwa na miaka 22 uliziruka barua za Pelafina. Unaweza kuwa ulichoka, maana ziko mwishoni. Inawezekana pia kwamba sehemu fulani ya nafsi yako ilijua zilikuwa na nini ikakupitisha pembeni, kama mtu anavyozunguka nyumba fulani mtaani bila kujiambia kwa nini. Mimi si daktari, na siwezi kukuamulia lipi ni lipi. Ninachokiweza ni kukueleza jinsi barua hizo zinavyofanya kazi. Zinaanza na lugha nzuri mno, ya mama msomi anayempenda mwanawe kupita kiasi. Kisha kidogo kidogo zinavunjika, maneno yanarudiwarudiwa na kusambaa ukurasani kama yamemwagwa. Msomaji anaona akili inasambaratika bila kusimuliwa, na wakati wote upendo haukatiki. Korido haina uso, lakini barua hizi zina uso. Kwako wewe, nadhani, uso huo ulikuwa tayari unaujua tangu darasa la tano.

Ni lazima nikuonye jambo moja. Katika barua mojawapo mama huyo anamwagiza mwanawe asome herufi ya kwanza ya kila neno katika barua itakayofuata, na ujumbe unaotokea una madai ya kudhalilishwa na wahudumu wa taasisi ile. Kama bado hujaufumbua ujumbe huo, usiufumbue sasa. Kama umeshaufumbua, kumbuka mambo mawili: taasisi ile imebuniwa na mwandishi, na ndani ya riwaya yenyewe hakuna anayethibitisha kama madai yale ni ya kweli au ni ya ugonjwa. Usiyachukue ukayaweka juu ya vitanda alivyolazwa mama yako. Mtoto wa darasa la tano ambaye hakuna mkubwa aliyemweleza mama amekwenda wapi hujijazia mwenyewe yaliyobaki, na riwaya kama hii inaweza kumpa picha ambazo si zake. Kama mama yako yupo, au yupo mama mdogo au mjomba aliyemsindikiza siku zile, muulize ilikuwaje. Jibu la kweli, hata likiwa chungu, lina mipaka. La kubuni halina.

Mwenzako aliyetaja mapepo anasema kwa imani yake, nami siidharau, na kama sala inakutuliza, sali. Ila usikubali maelezo hayo yakuzuie kutafuta msaada mwingine. Kitabu hiki hakikuingiza kitu ndani yako. Kiligusa kitu kilichokuwapo. Na kuamka saa nane usiku kwa majuma matatu mfululizo ni jambo la kupeleka kwa mtaalamu wa afya bila kungoja lijiondokee. Anza na kituo cha afya au hospitali uliyoizoea, eleza usingizi wako na eleza pia historia ya mama yako bila kuona haya, kwa sababu daktari ataihitaji. Nazungumza kama mkazi wa mji huu, ambako jina la Mirembe bado hutumika kama tusi la mtaani, na najua tusi hilo limewafanya watu wengi waumie kimya. Kuonana na mshauri au daktari wa afya ya akili hakumaanishi kwamba umerithi ugonjwa, na kama hilo ndilo linalokuamsha usiku, basi ndilo swali la kwanza la kumuuliza. Ukianza kujisikia kwamba maisha hayana maana, au ukapata wazo la kujidhuru, au ukaona na kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, nenda siku hiyo hiyo na mtu unayemwamini akusindikize.

Je, uendelee nacho? Kwa sasa kiweke, hadi usingizi urudi. Usikichome wala usikigawe kwa hasira, maana utakitaka. Utakapokuwa tayari, kuna njia mbili ambazo nimeona zikifaa. Ya kwanza ni kukisoma mchana tu, kurasa kumi kwa siku, simu ikiwa chumba kingine, ukitii kila tanbihi hata ikikuudhi. Hii inarudisha mzingile, lakini inataka miezi, nawe una kazi na familia. Ya pili ni kukisoma na mtu, sauti kwa sauti, sehemu za Navidson na Karen peke yake. Mume wako anayesema umekuwa sugu anafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu sehemu hizo zinahusu mke na mume wanaopotezana ndani ya nyumba moja, na kitabu kizima kimejengwa juu ya swali la kama Karen ataingia gizani kumfuata mwenzake. Hofu ya hosteli haitarudi kwa njia hii. Kitu kingine kinaweza kuja mahali pake, nacho huenda kikakufaa zaidi, lakini sitakudanganya kwamba ni kile kile.

Kwa binti yako, jibu langu ni bado. Korido haitamdhuru, pengine ataipenda kama ulivyoipenda. Tatizo ni tanbihi za Truant, zenye ngono iliyoelezwa waziwazi, dawa za kulevya na ukatili, pamoja na hizo barua ambazo wewe mwenyewe, mtu mzima, zimekushinda kuzibeba peke yako. Mwambie sababu hizo kama zilivyo, usimfiche, maana kitabu kinachofichwa bila maelezo husomwa usiku chini ya shuka. Kama anataka kuonja, keti naye Jumamosi mchana umsomee ile sehemu ya kupima nyumba, kisha mpe futi kamba apime sebule yenu ndani na nje. Atakuletea namba mbili zisizolingana, na hapo mfundishe kujumlisha unene wa kuta.

Ile kopi yenye spairo, kama bado iko kwenye sanduku fulani, itafute. Fungua fungu la kwanza uangalie kama neno lile limefifia kweli. Ukilikuta, niandikie.